Nafasi ya Tisa

Kila Jumanne maboksi hufika Grimsby kabla ya jua,
plastiki ya bluu, barafu, na samaki aitwaye kodi,
ambaye kweli ndiye anayenilipia kodi ya nyumba.
Ubavuni pamepigwa mhuri wa mji nisiowahi kuusikia kabla ya mwaka huu:
Holmvåg.
Mwanangu yuko huko. Beki wa kushoto, jezi ishirini na tatu,
ligi ya pili ya Norwei.
Basi samaki hawa wamemkaribia kuliko mimi.
Nawapasua mgongoni hadi mkiani,
wala hawaniambii kitu.

Waliosema samaki mkunje angali mbichi
hawakuwaona hawa, wanaofika wamekakamaa kama mbao.
Hatibu nilimkunja angali mbichi.
Akakunjuka, akaenda kucheza mpira kwenye theluji.

Aprili, mechi ya kwanza. Uwanja umekwanguliwa kwa trekta,
theluji imerundikwa pembeni na mashabiki wameikalia.
Mia nane, labda. Mmoja ana mbwa.
Mtangazaji anamwita Hattibø,
nami jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari,
namsahihisha kwa sauti: Hatibu, bwana. Hatibu.
Sare, moja kwa moja.

Mei walifungwa mara tatu.
Mara ya tatu picha iliganda Hatibu akiwa hewani,
mguu juu, mdomo wazi, dakika nzima.
Iliporudi alikuwa chini
na wenzake wanautoa mpira wavuni.

Pauline, miaka thelathini kwenye meza ya minofu,
husema timu ni kama mume:
huiulizi ilikokuwa, unaipashia chakula.
Kila Jumatatu ananyoosha glavu, ananiuliza, "Mtoto wetu je?"
Rasa, Mlithuania, ameandika msimamo wa ligi
kwa kalamu nene kwenye mlango wa chumba cha baridi.
Keith msimamizi akaufuta.
Rasa akauandika tena, mkubwa zaidi.

Juni jua la kule halizami.
Alinipigia saa sita usiku, kwake saa saba,
na nyuma yake kweupe pe.
"Mama, sipati usingizi."
Nikamwambia atundike blanketi dirishani.
Hakuniambia kuwa amekaa benchi mechi nne.
Sikumwambia kuwa nimezihesabu.

Halafu Agosti, dakika ya themanini na nane, kona,
msukumano, na mpira ukagonga goti lake ukaingia.
Goti!
Si kichwa, si mguu wa kushoto tulioulipia viatu kwa mkopo,
bali goti lile alilolichuna kwenye lami ya Freeman Street
akiwa na miaka sita, akakataa kulia mpaka tukafika nyumbani.
Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.
Na mimi nikamgongea.

Septemba walikuwa wa tano.
Ndipo hesabu zilipoanza, na hesabu ni ugonjwa:
wakishinda hawa, wakitoka sare wale,
Rasa akachora mishale mpaka mlango ukajaa.
Oktoba ikaja na mvua ya ubavu. Wakapoteza nyumbani,
wakapoteza ugenini, wakapoteza kwa timu ya mkiani
ambayo kipa wake, nimeambiwa, ni mwalimu wa hesabu.

Wamemaliza wa tisa.
Juu kuna shampeni, chini kuna vilio.
Wa tisa wanakunja nyavu, wanarudisha funguo za makabati,
wanasubiri kuitwa ofisini mmoja mmoja.
Habari ya mkataba angepewa Ijumaa.
Ijumaa imepita. Jumamosi alituma picha ya supu.

Leo Jumanne. Maboksi yamefika.
Nimeyapanga yote, mhuri ukinitazama:
Holmvåg, Holmvåg, Holmvåg.
Keith amesimama, ameuliza nafanya nini.
Pauline akamjibu kabla yangu:
"Mwache. Msimu umekwisha juzi tu."